Kioo Kilichosuguliwa kwa Ajili ya Mgeni

Juzi nilikuwa ofisini kwa mwalimu mkuu wa shule moja hapa Bondeni, akaingia mama na bintiye mdogo aliyefungwa bendeji jichoni. Darasa lao jipya lina ukuta wa kioo unaosukumwa kando ili upepo upite. Siku ya mgeni rasmi walimu waliufunga, wakausugua mpaka ukawa hauonekani. Mtoto akaja mbio kama kawaida yake, akaupasua kwa uso.

"Daktari asema jicho halitaona tena," mama alisema.

"Pole, mamangu," mwalimu mkuu akajibu. "Tushukuru mgeni alikuwa keshaondoka."

Nikashindwa kunyamaza. "Mbona hamkubandika hata karatasi?"

"Ingeharibu picha ya mgeni."

Picha yenyewe ameitundika nyuma ya kiti chake. Nawaambia kweli, imetoka safi: kioo hakionekani kabisa.