Siku Mashangazi Walipolikalia Gari la Harusi

Kuna Ijumaa moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hucheka peke yangu hata kwenye benchi la kliniki, mpaka akina mama wenzangu hunigeukia. Wewe bado uko tumboni, na najua si kawaida mtu wa umri wangu kutoa nasaha kama bibi kizee. Lakini nimewaza sana nikuambie nini kwanza, nikaona nianze na habari ya gari la babu yako.

Nilikuwa nimemaliza chuo, uhandisi wa mitambo, niko nyumbani Korogwe nasubiri kazi. Mama yako mkubwa, Rehema, alikuwa anaolewa Jumamosi kanisani Bungu, huko juu milimani kwa akina mume wake. Babu yako alikuwa ameshasema mbele ya ukoo mzima kwamba binti yake ataondoka nyumbani kwa gari la nyumbani, na ataliendesha yeye mwenyewe. Rehema alilia kwa furaha. Tatizo ni kwamba gari lenyewe lilikuwa limechoka miguu. Shokapu zilivuja, springi zimelegea, na likipakia watu nyuma lilichuchumaa mpaka tairi zinasugua bodi. Kwa barabara ya kupanda Bungu, lisingefika.

Nikajitolea kulifunga koilova. Hizo ni shokapu na springi zilizounganishwa kuwa kitu kimoja. Chini ya springi kuna kola, pete ya chuma yenye nyuzi kama za skrubu, ukiizungusha kwa spana yake gari linapanda au linashuka. Nilizipata kwa wauza spea za mtumba Dar, zikaja kwa basi.

Kufungua na kufunga hakukunishinda. Nililiinua gari pale uani, nikaliweka juu ya stendi, nikatoa matairi, nikang'oa shokapu kuukuu na kuingiza mpya. Kilichonishinda ni kusema basi. Nilipima kwa rula kulia na kushoto, nikiona tofauti ya unywele nazungusha kola. Halafu nawaza, je, wa nyuma wakiwa wazito kuliko wa mbele? Napandisha nyuma. Halafu nawaza tena, likiwa juu sana halitayumba kwenye kona za mlimani? Nashusha. Alhamisi iliishia hapo. Ijumaa mchana babu yako akaja, akasimama, akalitazama gari likiwa bado hewani.

"Nimeongea na mtu mwenye gari la kukodi," akasema taratibu. "Anataka jibu kabla jua halijazama."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Haukupita muda, wakaingia mashangazi zangu kutoka Handeni, wamekuja kupika. Mkubwa wao, Shangazi Naomi, alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya kufika kwa jirani wa tatu. Akaja moja kwa moja kwenye gari.

"Nani huyu ninayemwona miguu tu?"

"Ni mimi, shangazi. Shikamoo."

"Marahaba. Hebu toka huko nione na kichwa."

Nikatoka, grisi mpaka kwenye nyusi. Akaangaza macho akitafuta pa kukaa, lakini viti vyote vilikuwa vimeshapelekwa kwenye turubai.

"Shusha hilo gari nikae. Nimepakata mtoto wa watu kwenye basi tangu Handeni, mgongo hauna hali."

"Sijamaliza kupima, shangazi."

"Unapima nini?"

"Litakaa vipi mkishapanda."

"Tumepanda?"

"Bado."

"Sasa unapima nini? Shusha, tupande, ndipo upime. Mzigo wenyewe si sisi hawa?"

Mwanangu, usidhani nilikuwa sijui. Nilifundishwa kwamba kimo cha mwisho hupimwa gari likiwa chini, na bolti za bushi, zile raba za kwenye maungio, hukazwa uzito ukiwa juu ya magurudumu. Nilijua vizuri kabisa. Ila kulishusha kulikuwa na maana ya kuona kama nimekosea, na likiwa hewani lilikuwa bado halijakosea chochote.

Nikarudisha matairi, nikashusha jeki. Shangazi Naomi akaingia nyuma kushoto, wenzake wakamfuata wakisukumana, na gari likalala upande mmoja.

"Limeinama kushoto," nikasema.

"Naomi yuko upande gani?" akauliza mmoja wao.

"Kushoto."

"Basi gari halijakosea."

Walicheka mpaka gari likatikisika. Nikawaomba washuke, nikainua, nikazungusha kola, nikashusha, tukalisukuma mbele na nyuma likae sawa, wakapanda tena. Tulirudia hivyo mara kadhaa. Vitunguu vilikuwa vinawasubiri jikoni na hakuna aliyejali. Waliletewa masinia wakawa wanamenya humohumo ndani, huku wakiimba. Ulipofika wakati wa kukaza bolti, nilizikaza bila kurudia kupima.

Babu yako akalichukua, akaondoka nao hivyohivyo, wakaenda kwenye matuta ya barabara kuu, wakarudi kwa njia ya mawe. Aliporudi alizima injini, akashuka.

"Hakuna kilichosugua," akasema. "Na yule wa kukodi nimeshampigia."

"Umemwambiaje?"

"Nimemwambia kesho aje ale wali."

Jumamosi tulipanda Bungu, tarumbeta mbele juu ya pikapu, gari la babu yako likifuata, mkono wa Rehema nje ya dirisha. Mimi nilikuwa kwenye gari la nyuma yao. Upande wa kulia ulikuwa juu kidogo, labda upana wa kidole. Niliutazama njia nzima. Hakuna mwingine aliyeuona, mpaka leo. Kanisani babu yako alimfungulia Rehema mlango, na kabla hajampa mkono alifuta machozi kwa kiganja.

Nasaha yangu ni hii, mwanangu. Fikiri, wala sikukatazi; utazaliwa na mtu wa kufikiri. Pima unachoweza kupima. Lakini yapo mambo ambayo hutayajua mpaka uyabebeshe uzito wake, na kazi ni hivyo, na ndoa ni hivyo. Ukishafunga vya kufunga, shusha jeki. Waite watu wako wapande, wakucheke kidogo, kisha urekebishe palipoinama. Nami siku hizi nalala nikiwaza nitakuwa mama wa namna gani. Sitajua mpaka nikupakate. Wewe njoo tu, tutarekebishana.

Mungu akufikishe salama, akupe mikono isiyoogopa grisi, na nyumba ambayo mashangazi wataingia bila kubisha hodi. Amina.