Mpiga picha wa Chanji na wacheza salsa wasiotikisika

Saa kumi na nusu jioni, Jumapili. Upepo wa Ufipa unalipigapiga bati la ukumbi wa shule ya awali mtaani Chanji, mjini Sumbawanga, lakini ndani hakuna anayeusikia. Spika moja ndogo, iliyowekwa juu ya rundo la viti vya watoto, inamwaga tarumbeta na ngoma za Cuba. Jozi sita za wachezaji zinazunguka. Sketi zinapaa, jasho linatiririka, mtu anacheka kwa sauti.

Redempta Kasonso anainua kamera.

Kufumba na kufumbua, ukumbi mzima unaganda. Wanaume wanashusha mikono ubavuni. Wanawake wanaweka kola sawa na kubana magoti. Nyuso zilizokuwa zikicheka zimekuwa za watu wanaongoja kusomewa hukumu. Tarumbeta zinaendelea kulia zenyewe.

“Jamani!” anafoka Redempta. “Nani kafa?”

“Tupo tayari, dada,” anajibu kijana mrefu wa mstari wa nyuma, midomo ikisogea kidogo tu. “Piga.”

“Tayari kwa nini? Si nimesema chezeni!”

“Tulikuwa tunacheza. Wewe ndiye umekuja na kamera.”

Redempta anaishusha kamera, anafumba macho, anavuta pumzi ndefu. Hii ni Jumapili ya tatu anavuta pumzi za namna hiyo. Na ni ya mwisho.

Wiki tatu zilizopita alituma picha nane kwa waandaaji wa tamasha la ngoma litakalofanyika Mbeya mwezi Septemba. Kundi lake la salsa lilikuwa linaomba nafasi ya kucheza, na yeye anaomba ukuta wa kutundika kazi zake, jambo ambalo hajawahi kulipata katika miaka kumi na mmoja ya kupiga picha. Jibu lilikuja siku ya pili, mstari mmoja: “Tuliomba picha za watu wanaocheza, mmetutumia picha za kamati.”

Walipewa nafasi nyingine moja. Siku ya mwisho ni Jumatano hii.

“Nilitamani ardhi ipasuke,” anasema Redempta. “Halafu nikaziangalia zile picha upya. Kamati kweli! Ilibaki kuweka meza na mhasibu.”

Redempta ana miaka 34. Amezaliwa Mwimbi, wilayani Kalambo, katika nyumba ambako mtu hupigwa picha mara tatu maishani: siku ya kipaimara, siku ya harusi na siku ya kitambulisho. Ukutani kwao picha zote ni za watu waliokaa wima, viganja juu ya magoti, bila jino hata moja kuonekana. Bibi yake alikuwa akisema ukicheka kwenye picha, wajukuu watadhani ulikuwa umelewa.

Leo ana kibanda cha picha karibu na stendi. Picha nne za pasipoti ni shilingi elfu tatu, na siku nzuri, hasa shule zinapofunguliwa, huondoka na elfu thelathini. Kamera yake aliinunua ikiwa imeshatumika, kwa laki nane na nusu, baada ya kujibana miaka miwili.

Salsa ilimkuta kibandani. Atusaye Mwaisumo, mtaalamu wa maabara aliyehamishiwa Sumbawanga kutoka Mbeya, alikuja kupiga picha ya kitambulisho cha kazi huku akipiga vidole mezani. Redempta akamuuliza anapiga nini, akaambiwa ni salsa.

Atusaye alijifunza kucheza akiwa chuoni Dar es Salaam. Alipofika huku akaona jioni za baridi zinamlaza mapema mno, akaomba ukumbi, akatafuta watu. Wakaja walimu, mshonaji, muuza maharage, na yule kijana mrefu, Masunga, fundi wa mashine ya kusaga, ambaye wazazi wake walihamia Rukwa na ng’ombe wao kutoka Shinyanga.

“Kwetu ngoma nilizoea kuicheza na jembe mkononi,” anasema Masunga. “Hapa nimepewa mwanamke. Shida ni kwamba jembe ukilikanyaga halikutukani.”

Redempta alikuja siku moja kutazama, akanasa, ila kwa kamera tu; kucheza hachezi. Kinachomkera ni watu wanaomwambia anapoteza muda na ngoma ya kizungu. Siku hizi huwajibu kwa maneno aliyofundishwa na Atusaye.

“Watu walifungwa minyororo wakavushwa bahari, na ngoma zao vichwani, maana mikononi hawakuruhusiwa kubeba kitu,” anasema Atusaye. “Kule Cuba ngoma zikakutana na gitaa la Wahispania. Miaka mingi baadaye zikarudi Kongo ndani ya santuri. Na kutoka Kongo kuja kwetu ni ziwa tu. Sasa uzungu uko wapi hapo?”

Hayo yote Redempta anayajua. Asilolijua ni namna ya kuyatia kwenye picha.

Jumapili ya kwanza baada ya lile jibu la Mbeya alijificha nyuma ya rundo la viti. Kamera ilipolia mara moja tu, kundi zima likageuka, likajipanga kuvielekea viti. Jumapili ya pili akawapiga marufuku kuitazama kamera. Wakatii: wakasimama wima vilevile, kila mmoja akitazama ukuta wake, kama ndugu walionuniana msibani. Picha chache alizowavizia zilitoka ukungu mtupu, miguu haina mwenyewe.

“Nimewabembeleza, nimewatukana, nimewanunulia soda,” anasema. “Ng’ombe wa kwao Masunga wangeshaelewa.”

Leo Jumapili ya tatu, baada ya kuuliza nani kafa, anamfuata Masunga hadi mstari wa nyuma.

“Wewe mtu mzima, hebu niambie. Nikiinua hiki chombo, unaona nini? Bunduki?”

Masunga anakuna kichwa. Anamtazama Atusaye, kisha anamrudia Redempta.

“Dada, usikasirike.”

“Nimeshakasirika. Sema.”

“Mwaka juzi nilikuja kibandani kwako, picha ya leseni. Ukaniambia nyoosha shingo. Nikanyoosha. Ukasema shusha mabega, funga mdomo, usipepese. Nikapepesa. Ukanirudia mara tatu, ukaniambia, ‘Mwanaume mzima unashindwa kutulia? Ukitikisika tena unalipa upya.’ Mimi toka siku ile nikiiona hiyo kamera yako, natulia.”

“Na mimi,” anadakia mshonaji, Justa. “Mimi ulinishika kidevu kabisa, ukakikaza hivi. Nilikuwa nimebeba mtoto, na mtoto ukamwambia asitikisike. Mtoto wa miezi minne!”

“Mimi uliniambia tabasamu ni la kwenye sherehe,” anasema mwalimu mmoja.

Mikono inainuka mmoja baada ya mwingine. Kati ya watu kumi na wawili, tisa wameshakalia kile kigoda chake cha karibu na stendi. Miaka kumi na mmoja Redempta ameufundisha mji mzima kutulia, kwa ukali, kwa kurudia, kwa vitisho vya kulipa mara mbili. Na mji umeelewa somo.

Mchuma janga hula na wa kwao. Redempta anaitazama ile mikono iliyoinuliwa. Kisha anapasuka.

“Kwa hiyo kosa ni langu?”

Justa anaficha kicheko, anajifanya kukohoa.

Hapo Atusaye anaingilia. Anamwendea rafiki yake, anamwambia avae kamera shingoni na ampe mikono.

“Sikuja kucheza mimi.”

“Ndiyo maana hupati kitu. Unapiga kwenye moja na kwenye mbili, miguu ikiwa mbioni. Lazima itoke ukungu. Sikiliza kwanza vijiti.”

Masunga anaokota vijiti viwili vya mninga alivyovichonga mwenyewe, anaanza kugonganisha kimoja na kingine: mapigo matatu, kisha mawili, matatu, kisha mawili. Juu ya mapigo hayo Atusaye anahesabu. Moja, mbili, tatu, miguu inakwenda. Nne, miguu inatua, ila mwili bado unadai kuzunguka. Tano, sita, saba, inakwenda tena. Nane, inatua.

“Hapo kwenye nne na nane,” anasema, “mguu uko chini na sketi iko hewani. Hapo ndipo picha yako inapokaa.”

Redempta anacheza vibaya sana. Anamkanyaga Atusaye, anaomba radhi, anamkanyaga tena. Anahesabu kwa sauti kama mtoto wa darasa la kwanza na anakwenda kushoto watu wakienda kulia. Bega lake moja limepanda juu na limegoma kushuka.

“Shusha mabega, dada!” anapaza Justa.

“Nyoosha shingo!”

“Ukipepesa unalipa upya!”

Sasa ukumbi mzima unacheka, na unacheka huku unacheza. Redempta, amekasirika, amelowa jasho, anacheza na anawatukana wote kwa Kifipa. Nusu saa inapita. Kamera inaning’inia kifuani na kumgonga mbavuni, na hakuna tena anayeitazama, kwa sababu kila mtu anamtazama mwenye kamera anavyojikwaa. Katika mzunguko mmoja, akihesabu nne, kidole kinabonyeza bila jicho kuwa kwenye kioo. Hakuna anayeganda. Anahesabu nane, anabonyeza tena.

Mpaka mwanga wa dirishani unapokwisha amebonyeza mara mia mbili na kumi na sita.

Nyingi ni takataka, na yeye ndiye wa kwanza kusema hivyo. Dari. Kisigino. Sikio la mwalimu. Ila nane zimekaa. Katika moja, Masunga amefungua mdomo wote, meno yote nje, na sketi ya Justa imejaa hewa kama mwavuli, ilhali miguu ya wote wawili imetulia sakafuni. Katika nyingine unaonekana mkono wa Redempta mwenyewe, vidole vimetanuka, unatafuta pa kushika.

“Hiyo nilitaka kuifuta,” anasema. “Atusaye akaniambia nikiifuta atanifuta mimi.”

Alizituma Jumanne asubuhi. Ijumaa simu ikaita kutoka Mbeya. Kundi limepata nafasi ya kucheza, na ukuta umepatikana, picha zote nane.

Mtu angedhani sasa amepumzika. Wapi! Siku alipozipeleka nakala ukumbini, Masunga alijikodolea macho pichani kwa muda mrefu, akaikunja ile picha nzuri kuliko zote na kuitia mfukoni.

“Ni nzuri, dada. Lakini mama hawezi kuiweka hii ukutani. Nipige nyingine, nimesimama.”

Redempta alimpiga nyingine, amesimama. Anaisimulia habari hiyo huku akitikisa kichwa.

Mpango wake sasa ni Kabwe, mwambao wa Ziwa Tanganyika, wilayani Nkasi. Amesikia huko wapo wazee waliocheza rumba ya ng’ambo enzi muziki ulipokuwa ukivuka ziwa pamoja na dagaa na vitenge, na anataka kuwapiga picha wakicheza kabla miguu haijawakatalia. Amepanga kwenda kabla ya Septemba, ili ukuta wa Mbeya uwe na Cuba upande mmoja na Kabwe upande wa pili.

Mmoja wao, Leonidas, fundi mstaafu wa injini za boti mwenye miaka 71, ameshakubali. Wiki hii alimpigia simu Redempta kumhakikishia kwamba maandalizi yanakwenda vizuri.

“Njoo mwanangu,” alisema mzee. “Suti nimeipiga pasi. Na kiti cha kukalia nimeazima kwa jirani, kizuri, kina mikono.”

Redempta alifumba macho, akavuta ile pumzi yake ndefu.

“Shikamoo, babu,” akasema. “Suti sawa. Kiti mrudishie mwenyewe.”