Alasiri ya Goreti na Baba
Juzi, kando ya ziwa kwenye mbuga ya Rusizi, niliona familia imepiga hema. Baba alikuwa akitembea polepole na binti mkubwa, mdogo akibaki nyuma analia. Nikasimama.

Nasi tuliwahi kulala pale, chini ya shitingi, turubai la plastiki tulilopewa tulipokimbia vita mtaani kwetu Kamenge. Ulikuwa msimu wa mvua, hakuna mgeni aliyekuja kutembea. Alasiri moja baba alimshika mkono dada yangu Goreti, wakafuata njia ya viboko ndani ya matete.

"Mi pia nataka kutembea!"

"We mutoto, miguu yako bado mifupi. Baki na mama."

Waliporudi, Goreti alinuka matope na majani mabichi. Nilimshika vidole nikavinusa, nikitafuta harufu ya samaki wa kukaanga.

"Mulikula nini?"

"Apana kitu."

"Mwongo! Baba anakupenda we peke yako."

Nikalala nimempa mgongo.

Kesho yake baba alikwenda mjini kutafuta unga, hakurudi. Jioni risasi zikafika ufukweni. Goreti alinibeba mgongoni, akapita katika matete yale bila kusita, mama akitufuata, mpaka penye mtumbwi wa kutuvusha hadi Kongo. Njia alikuwa ameshaonyeshwa na baba.

Mwezi uliopita tulimzika Goreti. Mgongo wake ndio ulioniokoa, najua. Lakini kusema kweli, bado namwonea wivu: alasiri ya mwisho ya baba aliipata yeye.