Mama Mkwe Kiti cha Mbele

Msinicheke kabla sijamaliza. Mama mkwe wangu alikuja kututembelea Mambrui, akataka kuuona mji wa Malindi walikotawala wafalme wa kale. Nami, kwa kupenda sifa, nikakodi gari. Lilikuwa jeupe, linang'aa, nikalichukua mbiombio bila hata kulizunguka. Mlango wa nyuma ulikataa kufunguka, basi mama wa watu akakaa mbele kando yangu, kajifunika buibui hadi usoni kwa haya, maana sisi wakwe hatuzoeani hivyo.

Tulipoingia mjini, kila tulikopita vigelegele vilipanda nyuma yetu. Nikajiambia, kumbe watu wa Malindi wanajua kumheshimu mtu! Nikapiga honi kuwashukuru. Vigelegele vikazidi, nami nikazidisha honi, kifua mbele. Makaburi ya nguzo tuliyazunguka mara mbili ili tuonekane vizuri.

Mtaani Shella tukasimama, nikashuka. Bibi mmoja akaja mbio.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hongera!"

"Ahsante. Gari lenyewe la kukodi tu."

"Gari nani kaliuliza? Nataka kumwona bibi harusi!"

Nikageuka. Kwenye buti, mashada ya asumini ya harusi ya jana yalikuwa bado yananing'inia. Bibi alikwisha kuingiza kichwa dirishani na kumfunua mama mkwe uso. Akaziona zile mvi, akanigeukia.

"Mwanangu," akasema kwa huruma, "kwani wasichana wamekwisha?"