Makanda Matatu ya Tende

Idi ilikuwa imekwisha, nguo mpya zimeshafuliwa na kukunjwa, na mtu yeyote wa Temeke ukimwonyesha tende angekugeuzia uso. Mwezi mzima tulikuwa tumefungulia tende. Basi ndiyo siku aliyochagua mume wangu kuja nyumbani na makanda matatu ya tende juu ya mkokoteni wa kukodi, yeye mwenyewe anatembea pembeni kwa madaha kana kwamba analeta mahari.

"Bei chee," aliniambia. "Mwenye duka alikuwa anataka tu zimtoke."

"Na hukujiuliza kwa nini?"

Hakujiuliza. Enzi hizo za Mwingereza alikuwa na kazi ya kupanga mizigo kwenye godauni kule bandarini, na nadhani kazi ile ndiyo iliyomharibu. Kitu kisichofungwa kwenye gunia au kanda, kwake hakikuwa kitu. Kila kanda, limeshonwa kwa ukili, lilinifika kiunoni, na tende za ndani zilikuwa zimeshikamana hata kuzichomoa kunataka kisu.

Tulikuwa na chumba kimoja tu, katika nyumba ya vyumba sita yenye ukumbi katikati na ua nyuma. Kanda la kwanza likaingia uvunguni. La pili likasimama nyuma ya mlango, mlango ukawa haufunguki wote. La tatu likakaa palepale nilipopanga kumtandikia mama yangu.

Hapo ndipo hasira zilipoanza kunipanda. Mama alikuwa njiani kuja kutoka Kisarawe, wala haji kutembea. Siku ya posa alimtazama huyu bwana juu mpaka chini, akamuuliza mbele ya wazee, "Mwanangu atakula nini kwako?" Jibu alilopewa halikumridhisha. Akakubali niolewe, ila kwa sharti kwamba atanifuata mjini, aone kwa macho yake, na akinikuta nimekonda ananirudisha nyumbani. Mama hakuwa mtu wa kutishia bure. Dada yangu mkubwa alimtoa kwa mumewe Ubungo hivyo hivyo, na hakumrudisha tena. Nami huyu bwana nilikuwa nikimpenda, hata siku nilizotamani kumchapa kwa mwiko.

Nikazivaa tende. Nikapika uji wa tende, nikapika maandazi nikajaza tende, nikapondea tende kwenye ndizi. Mume wangu alikula akisifu kila kitu, kisha akaenda kazini akaniacha nazo. Baada ya siku chache nilikuwa sioni njaa tena. Nikiweka kitu kitamu mdomoni, koo linakataa, na hela ya kitoweo ilikuwa imelala uvunguni. Gauni likaanza kunipwaya. Fikiria ujinga huo: chumba kimejaa chakula mpaka mlangoni, na mke anakonda siku chache kabla mama yake hajaja kumkagua.

Sisimizi nao wakapata habari. Walipanga foleni kutoka dirishani, wakapita ukutani, wakapanda kitandani.

"Tuzitupe," nikasema.

"Utatupa tende jalalani? Watu wamefungulia saumu!"

Alisema kweli, na hilo liliniudhi zaidi. Nikamwendea muuza kahawa wa barazani nikamwomba achukue kanda moja. Akacheka mpaka birika likamtikisika mkononi.

Nikaona dawa ni majirani. Kila asubuhi nikajaza sahani, nikazifunika kwa kawa, nikazipeleka vyumba vya nyumba yetu na nyumba za mbele. Lakini kwetu sahani ya mtu hairudishwi tupu, ni aibu. Jioni zikarudi zote zimejaa. Huyu kaweka mihogo ya nazi, huyu kunde, huyu vibibi. Nimetoa sahani sita za tende, nimepokea sahani sita za chakula kingine, na kanda halijapungua hata kidogo. Kuna jirani mmoja, Mungu amsamehe, alirudisha sahani ina tende. Zake! Za Ramadhani, zilizombakia.

"Shoga, mie sikuwa na kingine," akasema, wala hakuona haya.

Mama akafika mchana, na jua kali. Mlango ulimkwama kwenye kanda, ikabidi apite ubavu. Akasimama katikati ya chumba, akatazama kanda moja, akatazama jingine, akainama akatazama uvunguni.

"Mnafanya duka humu?"

"Hapana, mama. Ni za kula."

Kisha akanitazama mimi. "Umekonda."

Nikajua nguo zangu zitafungwa kesho.

Jioni sahani zikaanza kurudi kama kawaida. Hodi, mihogo. Hodi, samaki wa kukaanga. Kila aliyeingia alimpa mama shikamoo, akakaa kidogo, akaniuliza kama mgongo ulioniuma juzi umepoa, akaniambia nisisahau zamu yangu ya kufagia uani. Mama alikula. Kila sahani aliuliza, "Hii ya nani?" nami nikamwonyesha mlango. Mume wangu aliporudi akamwamkia kwa mbali, kama inavyompasa mkwe, akaenda kukaa barazani, hasogei hata kuomba maji.

Asubuhi mama akamwita. Akaja, akachuchumaa mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwanangu amekonda."

Akatazama chini.

"Dada yake nilimkuta na gunia la mchele ndani," mama akasema. "Mchele mzuri, mweupe. Nikakaa naye siku mbili, hakuna aliyepiga hodi. Jirani wa ukuta mmoja hakulijua jina lake. Mwenyewe anaumwa homa, na hakuna wa kumpa maji." Akajifunga khanga upya. "Huyu namwacha. Mnunulie samaki, na hili kanda la mlangoni nitakwenda nalo. Kule kwetu watanitazama mikono."

Mume wangu akaniinulia uso uliojaa ushindi, kana kwamba yote hayo aliyapanga siku ile dukani. Nilitaka kumkumbatia, na nilitaka kumfinya mpaka apige kelele. Mbele ya mama sikuweza hata moja, nikatoka uani nikalia kwa sauti. Yule shoga aliyenirudishia tende akatoka mbio, mikono ina unga, akauliza nani amefariki.

"Hakuna," nikamwambia. "Mie nabaki."