Beseni Moja la Mihogo

Nakumbuka siku moja, mwanangu, miaka ile nchi yetu ingali inaitwa Zaïre, mama mkwe wangu alishuka kwenye treni ya Luena hapa Kamina akiwa na kikapu kitupu. Mtu anayekuja kumtembelea mkwewe huleta kitu: samaki, karanga, hata majani ya mihogo. Kikapu kitupu kimekuja kujazwa. Nilikiangalia mara mbili, maana mimi kila kitu nakihesabu mara mbili, nikajua kitajazwa nguo za watoto wangu.

Watoto hao walikuwa mapasa, yaani mapacha, Kyungu na Kabange, wenye miaka minne. Kwetu aliyezaa mapasa ana heshima yake. Jina lake la kuzaliwa linasahaulika, wote wanamwita Mama Mapasa. Mimi heshima hiyo nilikuwa nimeifikisha chini kabisa. Nilikuwa napika lutuku, pombe kali ya mahindi na mihogo, nyuma ya nyumba yetu katika mtaa wa watu wa reli. Wateja wangu walikuwa mafundi wa reli na askari wa Base, kambi kubwa ya jeshi, na wote walinijua kwa jambo moja: kwangu hupunguziwi. Askari alianza kubishana kwa sauti kubwa, akamaliza kwa kusema "pardon, mama".

Sasa, mpishi wa lutuku lazima aonje. Usipoonja utauza maji, na askari aliyeuziwa maji hasahau njia ya kurudi. Mimi niliona kuonja mara moja hakutoshi, nikawa naonja mara mbili. Ndivyo ilivyoanza, kama kazi. Baadaye mkono ukawa unatetemeka asubuhi mpaka nionje. Baadaye tena nikawa naonja hata siku ambazo sikupika.

Usidhani sikujua. Nilijua, nikafanya nilichokiweza kuliko vyote: nikapatana nayo. Nikaiambia lutuku, si kabla ya saa sita. Ikakubali. Nikaiambia, kwa kikombe kile kidogo cha watoto tu. Ikakubali. Nikasema, siku ya kanisa hapana. Ikakubali na hiyo. Mwanangu, nimepatana na wauza samaki wa Mulongo, watu wagumu, lakini sijaona anayekubali kila neno namna ile. Ningekuwa na akili ningeogopa hapo hapo. Anayekubali kila unachosema anajua kwamba mwishowe utampa vyote.

Mwisho wenyewe ulikuja mchana mmoja. Bwana wangu alirudi kazini akanikuta nimelala chini, moto unawaka chini ya pipa la lutuku, na Kabange amechuchumaa mbele ya moto akiongeza kuni, kama alivyoona mama yake akifanya. Hakunipiga. Hakupiga hata kelele. Alimtumia mama yake neno kwa treni.

Basi mama huyo alikaa kwenye kiti, akanywa maji, akasema, "Mama Mapasa, minyi nilikuya kuchukua batoto."

"Mama, ninaacha leo. Leo leo."

"Weye ulishaacha mara ngapi?"

Nikahesabu. "Tano."

"Hesabu tena."

"Saba, mama."

"Basi usiache leo peke yako. Bwana yangu aliachaka vile, mu siku moja. Akaanguka chini anatetemeka kama kuku, karibu afe. Twende kwanza ku dispansari. Batoto, tutaona."

Bwana wake alikuwa mchimba makaa huko Luena. Mimi sikujua kwamba mzee yule, aliyetupigia magoti kuomba siku ya harusi yetu, aliwahi kuonja.

Kwenye dispansari kulikuwa na infirmier, mwuguzi mzee asiyecheka. Alinishika mikono, akaniangalia macho, akasema, "Sitwayeni," ndivyo wanawake walivyoitwa miaka ile, "huyu si pepo, na tena si aibu peke yake. Mwili wako ulizoea. Ukiukatia ghafla unaweza kukuua. Utalala hapa, na dawa utazimeza mbele yangu." Nilikaa juma zima. Majirani walisema mapasa wamenikasirikia, ndiyo maana nimeugua. Mama mkwe aliwajibu kwamba mapasa hawana hasira, wana njaa, na mwenye huruma alete unga.

Nilirudi nyumbani mikono imetulia. Nikadhani nimemaliza. Saa tisa ya mchana, saa yangu ya kuonja, ikaja. Kiu ilianza kooni, ikashuka kifuani, ikaingia vidoleni. Niliona ukuta unanisogelea.

"Mama, imekuja."

Akasukuma mbele yangu beseni la mihogo na kisu. "Menya."

"Nimenye vipi? Ninakufa."

"Menya hivyo hivyo unakufa."

Nikaanza. Naye akachukua kisu chake, akakaa ng'ambo ya beseni. Kisha akasema, "Weye njo muntu wa kuhesabu. Tangu kiu ilianza mpaka iishe, ni mihogo ngapi?"

"Haiishi, mama. Isipokunywewa haiishi."

"Ulishaipima?"

Mimi niliyepima chumvi, mafuta, na maneno ya watu, sikuwahi kuipima kiu yangu. Kila ilipokuja nilikunywa. Mwisho wake sikuwahi kuuona hata mara moja.

Muhogo wa tisa nilikuwa nalia. Wa kumi na nne nilijikata kidole. Baada ya hapo sikumbuki vizuri, ila nilishtuka kujikuta nawaza kwamba kisu hiki ni butu, nitamwambia bwana wangu akinoe. Nikatafuta kiu kooni, haipo. Nikatafuta vidoleni, haipo. Beseni lilikuwa bado halijaisha. Nikahesabu mihogo iliyomenywa: ishirini na miwili. Nikahesabu tena.

Mwanangu, mimi ni mzee sasa, nimeona mengi, lakini sijawahi kushangaa tena kama siku ile. Nilikuwa kama mtu aliyeishi kando ya reli akikimbia kila anapoona kichwa cha treni, akidhani haina mwisho. Siku moja akakosa nguvu za kukimbia, akaona behewa la mwisho linapita, na baada yake ni majani tu na ukimya.

"Iliisha," nilisema kwa sauti ndogo.

"Kesho itarudi," alisema mama mkwe, akaendelea kumenya.

Ilirudi. Mihogo ishirini na miwili tena, kisha kumi na saba, kisha siku moja mbaya thelathini na moja. Juma la nne askari wawili walikuja na madumu yao ya lutuku, wakataja siku njema za zamani, na nilikunywa. Jioni nilimpigia magoti mama mkwe nikingoja achukue watoto.

"Ile mihogo ulishamenya, iko palepale," alisema. "Kuanguka haiifute. Simama, lete beseni."

Mihogo ilikuwa mingi mno, ikabidi niikaushe na kuitwanga. Hivyo ndivyo nilivyokuwa mwuza unga wa bukari, ugali wetu. Pipa la lutuku likawa la kulowekea mihogo. Mvua zilipokatika tulimsindikiza mama mkwe kituoni. Mapasa walimshika kitenge, mmoja huku, mmoja huku. Bwana wangu alimwuliza, bila kunitazama, watoto wajiandae lini.

"Nilikuya kutafuta batoto benye hawana mama," alimjibu. "Sikubaona." Akapanda treni.

Kwa hiyo nakuambia, mwanangu, wewe na chupa yako, au bangi yako, au chochote ambacho hujaniambia. Usipatane nacho, kitakubali kila kitu. Nenda kwanza kwa mganga wa dispansari, usijikatie peke yako nyumbani kwa hasira. Kisha kiu ikija, ipe mikono kazi, mwite mtu akae ng'ambo yako, mkae mpaka uuone mkia wake. Hakuna aliyekuambia kwamba inaisha, kwa sababu wengi hatukungoja. Ukianguka, usihesabu kuanzia sifuri.

Mungu akupe mikono iliyotulia asubuhi. Akupe mtu asiyechoka kukaa nawe saa tisa ya mchana. Na watoto wako wakue wakikuita kwa jina la heshima, nawe uitike ukiwa macho.