Shibiri ya Kushoto

Jirani yangu anatoboa ukuta tangu asubuhi. Keekee yake ikilia, mimi hupandwa na hasira ambazo wala hazimhusu, na puani nasikia harufu ya plastiki inayoungua, ile iliyojaa ua wa nyumba yetu ya Nizwa, Omani, nilipokuwa na miaka kumi na mmoja. Nisikilizeni niwahadithie, maana jambo hili mpaka leo linaniudhi, na anayeniudhi zaidi ni mimi mwenyewe.

Shangazi Rahma, dada yake Baba, alikuwa akifanya kazi Uswisi. Mwaka huo aliniletea ubao wa kutelezea thelujini. Si zile mbao mbili nyembamba mnazoziona kwenye televisheni; huu ulikuwa mmoja, mpana, na miguu yote miwili husimama juu yake sambamba, vidole vikitazama mbele. Theluji, sisi watu wa Nizwa!

"Mchanga si upo Sharqiyah?" alisema Shangazi. "Nikirudi Idi nikukute unateleza. Hukuweza, nawapelekea watoto wa jamaa zetu wa Sur."

Akaondoka, akatuachia ubao, viatu vizito kama matofali, na vibanio viwili vya kushikia viatu, bado havijafungwa.

Fundi mmoja wa Firq, mji jirani, aliugeuza ubao huku na huku, akauliza kama ni mlango. Mama akaudhika, akaazima keekee, akasema kazi ataifanya mwenyewe. Sasa Mama alikuwa mshoni, na maishani mwake hakuwahi kuiamini futi ya kupimia. Alipima kwa shibiri: unakunjua kiganja, unahesabu kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho. Kibanio cha kulia alikipimia shibiri tatu za mkono wa kulia, kuanzia mkiani mwa ubao. Cha kushoto, shibiri tatu za mkono wa kushoto.

"Kila mguu na mkono wake," alisema, akatoboa.

Ijumaa baada ya sala tukashika njia ya Ibra, kwa Mjomba Seif, kaka yake Mama, na kutoka kwake hadi kwenye vilima vya mchanga vya Sharqiyah. Tukausugua ubao kwa mshumaa. Nikafungwa viatu, nikasukumwa. Hatua kumi tu, ubao ukakata kushoto, nami nikala mchanga. Nikapanda tena, ubao kichwani, pumzi juu juu. Hatua kumi, kushoto, mchanga.

Mama alikaa juu ya kilima na birika la kahawa, akinimiminia methali. "Mtaka cha mvunguni huinama! Kunja magoti!" Nikakunja, nikaenda kushoto nimekunja. "Egemea kulia basi!" Nikaegemea kulia, nikaangukia kulia. Nilipolia kwamba ubao mbovu, akajibu kwa utulivu uliotaka kunitia wazimu: "Asiyejua kucheza husema uwanja mbovu."

"Bas, khalas, yamekwisha," alisema Mjomba. "Huyu mtoto miguu yake haisemezani."

Wanawe wakacheka. Nilicheka nao kwa meno tu.

Ijumaa tatu zikapita hivyo, saa mbili za barabara kwenda na mbili kurudi, mchanga masikioni, mchanga kwenye uji. Ya nne Idi ilikuwa imebaki wiki moja, na watoto wa Sur niliwaona kabisa wakiubeba ubao wangu. Nilipoanguka mara hiyo nilibaki kifudifudi, shavu karibu na ubao, kwa uchungu tu. Hapo ndipo nikaona kibanio kimoja kimekitangulia kingine.

Nikakimbilia garini, nikatoa futi ya Mjomba, nikapima mbele ya wote. Kulia sentimita sitini na sita. Kushoto sitini na nne. Nikapima tena. Kisha nikamtazama Mama, aliyekuwa ameshika finjani, na kwa mara ya kwanza nikauona mkono wake wa kushoto. Vidole viwili vya mwisho vilikuwa vimejikunja kidogo, ngozi yake imevutana, kwa sababu alimwagikiwa na mafuta ya vitumbua alipokuwa mdogo. Nilikuwa nikiujua, lakini sikuwahi kuuona. Ulikuwa mkono wa Mama tu.

"Ni wewe!" nikapiga kelele. "Mkono wako ndio mbovu!"

Hakuna aliyecheka. Mama aliutazama mkono ule kana kwamba ameletewa na mtu, akauingiza chini ya shela.

"Kumbe," alisema. "Haya, mwanangu. Acha nami nijifunze hiyo futi."

Tulitoboa upya usiku huohuo kwa sentimita. Shangazi aliporudi niliteremka kilima kizima, wima, bila kwenda kushoto, na Mama alipiga kigelegele kuliko wote. Nilishinda. Mtoto mwenye haki, jamani, hana huruma.

Asubuhi ya Idi nilivaa gauni alilonishonea wiki ile. Kabla ya hapo kila nguo yangu mkono wa kushoto ulipungua kidogo, nami nilikua nikiamini kwamba mkono wangu wa kushoto ni mrefu kuliko wa kulia. Nilikuwa nikiivuta kwa mazoea, bila kufikiri. Gauni lile nililivuta, nikakuta halihitaji kuvutwa. Mezani kwake palikuwa na futi mpya ya kupimia.

Nikaanza kulia. Mama akaja mbio kuuliza kama limenibana, na mimi, niliyekuwa na mdomo mrefu kiasi kile kule mchangani, sikupata neno hata moja. Nilikuja kulipata nikiwa mtu mzima na watoto wangu: mwanamke yule alikuwa ameishi miaka yote akiamini kwamba nyumbani kwake, angalau, mkono wake ni mzima.